Mrejesho: kupima halijoto ya mwali kwa leza na sauti

Wakuu, niliuliza kama inawezekana kujua halijoto ya mwali wa tanuri bila kuchomeka kitu ndani, maana themokapo (kipimajoto cha nyaya kinachochomekwa ndani) hupoteza joto kwa mnururisho na kusoma chini ya halijoto halisi ya gesi. Inawezekana, na aliyeniambia nifuate sauti badala ya mwanga peke yake namshukuru sana.

Leza ya mapigo mafupi mno hukusanywa na lenzi kwenye nukta moja ndani ya mwali. Gesi pale inageuka plazma (gesi ya moto sana yenye chaji za umeme), cheche inalia "pa!", na maikrofoni iliyo nje inanasa mlio. Muda ambao mlio unachukua kufika hutoa kasi ya sauti, na kasi hutoa halijoto. Kasi ya sauti hufuata kipeuo cha pili cha halijoto ya kelvini: hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi hupitisha sauti kwa mita 343 kwa sekunde, ila kwenye kelvini 1800 inazidi mita 800.

Kilichonisumbua ni kwamba mlio huanza kama wimbi la mshtuko, ambalo huitangulia sauti ya kawaida. Dawa yake nzuri: cheche mbili zenye nguvu sawa, kwenye mstari mmoja na maikrofoni. Ukitoa muda wa mlio wa cheche moja kufika kwenye maikrofoni kwa ule wa nyingine, mshtuko na njia ya pamoja vinafutana, unabaki na muda wa sauti kupita kipande kilicho kati ya cheche hizo.

Unachopata ni halijoto ya wastani ya kipande hicho, na lazima ujue mchanganyiko wa gesi, maana nao hubadili kasi ya sauti. Miwani ya leza ni lazima, msibishane.