Hewa ya Abidjan: hiki kifaa kinapima vumbi au masizi?

BintiPangani
Wakuu, habari za saa hizi. Tunaishi Abidjan, Ivory Coast, upande wa Yopougon, mume wangu kahamishiwa huku kikazi. Mtoto ana pumu, kwa hiyo tulinunua kale kamashine ka kupima PM2.5, zile chembe ndogo mno za hewani. Msimu wa mvua, barazani kanasoma 20 au 30. Nikikapeleka nyuma kwa kina mama wanaobanika samaki kwa kuni, kanaruka kupita 150. Harmatani, ule upepo mkavu wa vumbi kutoka Sahara, ikianza Desemba, mtaa mzima ni 80 na zaidi hata pasipo na moto. Baba watoto anasema yote hayo ni vumbi la Sahara, litapita. Mimi siamini, khanga zangu zinanuka moshi mwaka mzima! Nitajuaje?

FundiVichujio
Dada, hako kamashine hakawezi kukuamulia ugomvi. Kanamulika chembe, kisha kanakadiria uzito kwa mwanga unaotawanyika. Masizi yanameza mwanga, kwa hiyo moshi wa kuni unaweza kuhesabiwa pungufu. Unyevu wa pwani nao unavimbisha chembe, namba inapanda bure.

Dawa yake ni kichujio cha kwatzi (nyuzi zinazostahimili moto mkali). Unavuta hewa kupitia hapo, maabara wanakipasha moto: kaboni ya kiogania, ile inayovukizwa kirahisi, inatoka kwanza ndani ya heliamu, masizi yenyewe yanasubiri oksijeni iingizwe ndipo yaungue. Vumbi la Bodélé, lile bonde la jangwani Chad, ni madini, linaacha rangi ya udongo. Cha kwa wabanika samaki utakiona cheusi tii.

Na kazi hiyo imeshafanyika hapohapo kwenu. Watafiti wa DACCIWA, mradi wa kuchunguza hewa ya Afrika Magharibi, walikusanya vichujio kila wiki Abidjan na Cotonou ya Benin, 2015 hadi 2017. Mimi ningebashiri mtaa wa Adjamé penye magari ya gbaka, daladala za huko, au jalala la Akouédo. Wapi! Kituo kilichoongoza kilikuwa Yopougon, kwenye mioto ya kubanika samaki: wastani ulivuka mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo. WHO tangu 2021 inashauri 5 kwa mwaka. Kwa hiyo shemeji anapata alama za Januari tu, msimu wa harmatani; moshi wenu ni wa mwaka mzima.

Chuga255
Cotonou mmeiacha? Pale zemidjan, bodaboda zao, zimekunywa sana mafuta ya magendo ya Nigeria, yale ya kwenye machupa kando ya barabara. Macho yaliniwasha.

BintiPangani
Asante kaka. Sasa nikawafukuze wale kina mama? Ndio walionipokea mtaani.

FundiVichujio
Usithubutu, ndiyo riziki yao. Mtoto asipite huko moto ukiwa umekolea, na dawa yake ya kuvuta isikae mbali. Halafu waulize kama wanalijua tanuri la FAO-Thiaroye, lililotoka Senegal. Lina sinia la kukinga mafuta ya samaki yasidondokee motoni, na samaki huivishwa kwanza, moshi wa kutia ladha unafuata baadaye. Kikwazo ni bei, likilinganishwa na pipa lililokatwa. Wakiwa na kikundi cha kuweka na kukopa, waanze na moja la kushirikiana.