Mtoto ana pumu ya ngozi, mazoezi yanamfaa au ndo yanazidisha?

MamaJunior_Tabata
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa mliolea watoto wenye pumu ya ngozi. Wangu ana miaka 6, imemkaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, akicheza mpira na wenzie jasho likianza tu anajikuna mpaka damu, usiku halali na mimi silali. Bibi yake anasema nimfungie ndani asicheze kabisa, sasa mtoto wa kiume ndani na joto hili la Dar si atapanda ukuta jamani?

baba_wawili
Pole mama Junior. Usimfungie. Mazoezi hayaponyi pumu ya ngozi, hapo tusidanganyane, ila mtoto akicheza akachoka usingizi unakuja na kununanuna kunapungua, maana stresi nayo inaamsha muwasho. Tatizo ni joto na jasho linalokaukia mwilini, ile chumvi kwenye ngozi iliyochunika inawasha balaa. Mimi wangu namtoa asubuhi mapema au jioni jua likishalegea, baiskeli, kamba kidogo, na katikati ya mchezo namwita namfuta shingo na viwiko na kitambaa kilicholoweshwa maji, anakasirika lakini ndo hivyo. Akimaliza anaoga fasta maji ya uvuguvugu, taulo unagusagusa tu usisugue, mafuta ya mgando yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu.

Kitimtim
Angalia na jezi, zile za polista zinazoteleza hazinyonyi jasho kabisa. Mvalishe fulana ya pamba, kata na lebo ya shingoni, na kucha ziwe fupi. Halafu ongea na mwalimu wa michezo, wengine wanadhani inaambukiza wanamtenga mtoto, wakati haiambukizi.

MamaJunior_Tabata
Asanteni sana. Na kuogelea je? shuleni kwao wana bwawa

nesi_wa_zamu
Anaweza dada, ila klorini inakausha ngozi, kwa hiyo mpake mafuta kabla hajaingia na akitoka tu ajisuuze maji safi apakwe tena, asisubiri mpaka nyumbani. Baharini kama ana michubuko atalia, subiri ifunge. Ukiona ngozi inatoa majimaji, ukoko wa njano, ana homa, au vipele vya maji vinavyouma vimetoka ghafla, michezo isimame na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na tafadhali zile krimu za tyubu za kununua tu bila kuandikiwa na daktari achana nazo, nyingine zina steroidi kali na zikizoeleka zinaichosha ngozi ya mtoto inabaki nyembamba.

MamaJunior_Tabata
Nimekuelewa nesi. Kitimtim hizo fulana unanunua wapi, maana nilizochukua Kariakoo zimeandikwa pamba tupu halafu ukishika zinateleza kama mwavuli 😅

Kitimtim
Mitumba dada, za pamba kweli zinapatikana, chagua zilizofuliwafuliwa zikalainika