Gari ya reli ya dizeli ya kubebea vifurushi tu, inakwendaje bila kichwa?

MwanaBububu: Asalaam aleykum. Nimeona picha ya zamani ya Uingereza, behewa moja peke yake juu ya reli, halina madirisha ya abiria, nimeambiwa ni la vifurushi na mizigo ya wasafiri. Mbele hakuna kichwa nyuma hakuna kitu. Huku kwetu reli tunayoisikia ni ile ya Bububu ya 1905 nayo ilivutwa na mashine ya moshi, ndo mana nauliza, mashine ya hili imekaa wapi? Na kwa nini wasifunge behewa la mizigo kwenye treni ya abiria wakamaliza? Nataka kumchongea mwanangu kwa mbao, sitaki nikosee.

FundiWaMalindi: Waaleykum salaam kaka. Mashine iko chini ya sakafu, juu kote panabaki pa mizigo. Dereva ana chumba huku na chumba kule, ikifika mwisho wa safari anahama tu, hamna kugeuza gari. Kampuni ya reli ya Great Western ya huko Uingereza ilianza na gari namba 17 mwaka 1936, halafu namba 34 mwaka 1941. Hilo suali lako la pili, we si ushasafiri na boti ya Pemba, unavyosubiri magunia na maboksi ya watu yashuke? Sasa treni inasimama stesheni chungu nzima na kila moja ina vifurushi vyake, abiria atafika saa ngapi? Bora mizigo ipewe gari yake.

WetePwani: Naongezea hapo. Kuanzia 1959 ziliundwa nyengine kumi kule mji wa Gloucester, na hizo ndo nnazozipenda mimi khasa, kila moja mashine mbili za nguvu ya farasi 230, wakati gari nyingi za abiria za dizeli za zama zile mashine zake zilikuwa za 150. Nguvu yote ile ni kwa sababu mizigo ikizidi wanafunga mabehewa mengine nyuma inayavuta. Inaniuma kwamba zote kumi zilivunjwa, haikuwekwa hata moja watu wakaiona.

MwanaBububu: Ahsanteni sana ndugu zangu. Basi nitatia kulabu nyuma afunge na mabehewa yake.

WetePwani: Tia pande zote mbili kaka, gari hiyo haina nyuma.