Yule fundi wa pale kwenye mwarobaini kazamisha Dominator yangu kwa oili, halafu anadai HELA!

Wakuu, naandika mikono bado ina oili na sijali. Yule fundi wa pale kwenye mwarobaini, mnamjua, msijifanye hamumjui, kila mwenye pikipiki mtaa huu ameshalia kwake, leo kanidhalilisha nyumbani kwangu, kwenye baraza langu, mbele ya shemeji yangu.

Pikipiki ni Honda NX650 Dominator ya 1991. Naihudumia mwenyewe. Asubuhi nimeweka tapeti, yaani nafasi za valvu, injini ikiwa baridi, valvu za kuingizia milimita 0.10, za moshi 0.12, fila, kile kibamba cha kupimia, inapita kwa kukwaruza kidogo kama inavyotakiwa. Nikafunga kila kitu, nikaingia ndani kunawa. Natoka namkuta huyu bwana, ambaye sikumwita, alikuwa anapita zake tu, kachomoa stiki ya oili, kaiona kavu, kashika galoni langu jipya anamimina kama anamwagilia mchicha. LITA NZIMA! Mashine yenyewe inabeba lita mbili na kitu!

Sasa sikilizeni. Oili ya Dominator haikai chini ya injini kama hizo pikipiki zenu za cc 150. Tenki lake ni fremu yenyewe, na stiki iko juu kule karibu na usukani. Ikilala usiku kucha, oili inachuruzika kidogo kidogo inashuka kwenye injini, ndiyo maana asubuhi stiki inatoka kavu. Unaiwasha, unaiacha iungurume dakika kadhaa, pampu inairudisha juu, unazima, unapima hapohapo, tena stiki unaichomeka tu bila kuikaza. Hili jambo hata mtoto wa chekechea ukimweleza anaelewa.

Yeye kabonyeza stata. Oili yote ikapanda, fremu ikajaa pomoni, ya ziada ikatafuta njia kwenye mpira wa kupumulia, ikamwagika kwenye boksi la hewa, ea klina, lile chujio la hewa, ikalowa chapachapa. Moshi uliotoka kwenye ekzosi, jirani kaanua nguo zake na za mtaa wa pili! Boda wote wa kijiweni wakaja kutazama. Na hapo ndipo, wakuu, hapo ndipo akanigeukia akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Fundi YouTube, ulitaka kuua mashine. Lete elfu kumi ya kuokoa injini."

Elfu kumi. Ya kuokoa injini. Aliyoizamisha yeye!

Shemeji akacheka. Ea klina ni ya karatasi, haifuliki, ni ya kutupa na kuagiza nyingine. Lakini hiyo nitaagiza. Ninachoshindwa kumeza ni "elfu kumi ya kuokoa injini". Mkono ameunyoosha kabisa, kiganja juu, anasubiri!

Mzee wa Klachi: Pole sana mkuu. Huyo huyo alinifungulia kabureta kwa bisibisi ya redio, akala vichwa vya skrubu zote nne za bakuli. Skrubu za Mjapani zina msalaba wake, wa kiwango chao cha JIS, mara nyingi utaona kanukta pembeni ya kichwa. Ukiweka bisibisi ya kawaida inapanda na kuteleza. Nikamwambia. Akaenda kuchukua patasi.

Chuma cha Pwani: Uzi bila picha ya moshi haujakamilika.

Kijiwe Namba Tatu: Mimi nilikuwepo. Haikuwa lita nzima, ilibaki kidogo chini ya galoni. Na shemeji hakucheka peke yake, tulicheka wote.

Mleta mada: Ilibaki kidogo?! Hoja si galoni! Mtu hukumwita, anakuzamishia injini, anakunyooshea mkono umpe elfu kumi YA KUOKOA INJINI. Hebu isome tena taratibu.

Dada Spana: Mkuu, ya 1991 kweli? Uza hilo kaburi ununue 150 mpya, spea ziko mpaka duka la mchele.

Mleta mada: Siuzi.

Kijiwe Namba Tatu: Fundi YouTube haambiliki 😂😂

KLR Milele: Wewe shukuru mashine inawaka. Kwenye Kawasaki KLR650 yangu ile leva ya kiwandani inayokazia mnyororo wa balansa, ile ya kupunguza mtikisiko wa injini, ilikatika, vipande vikabaki ndani ya injini. Muuza spea mmoja maarufu, simtaji, kaniuzia kitu cha pikipiki nyingine kabisa. Kasema kigonge kidogo kitaingia. KIGONGE! Ndani ya injini!

Mzee wa Klachi: Huyo naye namjua. Aliniuzia mnyororo mpya, sproketi ya nyuma ikachongoka meno kabla sijamaliza kumlipa.

Baba Jeti: Mnalaumu mafundi bure. Adui ni petroli. EWURA, wale wasimamizi wa nishati, walianzisha kuweka vinasaba, alama za kuwanasa wachakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na bado nikijaza kituo kile cha kona, mnakijua, nikifungua bakuli la kabureta nakuta maji chini yanacheza.

Dada Spana: Maji hayo ni ya mvua. Mpira wa kifuniko cha tenki umekufa. Usisingizie kituo.

Baba Jeti: Tenki langu unalijulia wapi?

Dada Spana: Hizi za zamani zote ziko hivyo. Kale katundu ka kutoa maji kwenye kifuniko kakiziba, maji yanatuama yanaingia ndani. Kazibue kwa waya.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Elfu kumi ya kuokoa injini, jamani, nimpe au nisimpe, na nimjibu nini, maana kasema kesho anapita tena.

Baba Jeti: Nimezibua. Katundu kalikuwa kamejaa udongo. Ila petroli ya pale bado ni mbovu.

KLR Milele: Dada Spana, huo mpira wa kifuniko unapatikana wapi? Wangu umekauka kabisa.

Chuma cha Pwani: Na mimi nautaka, nina Honda Transalp. Ukipata wauze mmoja mmoja, wasilazimishe kifuniko kizima.