Mnaoishi vijijini jimbo la Vermont, Marekani, na majirani zake, winta inaisha lini kwa kweli?

mgeni_wa_baridi:
Habari zenu wadau. Mimi na mke wangu tumehamia kijijini huku Vermont kaskazini, hii ndo winta yetu ya kwanza nje ya mji. Kalenda inasema springi inaanza tarehe 20 Machi ila nikichungulia dirishani ni theluji tu, juzi likawaka jua mpaka tukavua makoti tukafurahi kweli, kesho yake asubuhi ikaanguka theluji upya ikafunika ngazi za mlangoni. Nyie mliokaa huku miaka mingi mnaangalia nini? Mke wangu ana mbegu zake za mchicha na sukuma, kila siku anazitoa anaziangalia anazirudisha.

mama_wa_milimani:
Karibuni sana wanangu. Achaneni na kalenda, angalieni miti ya mepo, ile ambayo utomvu wake unachemshwa kuwa sirapu tamu. Mkiona vindoo vimetundikwa kwenye mashina au mipira ya plastiki imevutwa toka mti hadi mti, basi utomvu umeanza. Hautoki mpaka usiku ugandishe na mchana upande juu ya nyuzi 0, huko kubadilika badilika ndo kunausukuma. Onjeni ukiwa mbichi, ni maji kabisa, utamu kwa mbali sana, sukari yake kama asilimia 2 tu, ndo maana galoni 40 hivi zinachemshwa kupata galoni moja ya sirapu. Jioni mvuke unatoka juu ya paa la kibanda cha kuchemshia na harufu inafika barabarani, piteni mwombe kuingia, wengi wanakaribisha watu. Vichipukizi vikianza kuvimba ladha inaharibika wanafunga kazi, hapo sasa winta imeshindwa.

dereva_wa_usiku:
Mbona hamjamwambia habari ya matope!! Kaka kama nyumba yako iko barabara ya vumbi jiandae. Juu panayeyuka, chini bado pameganda, maji hayana pa kwenda, barabara inageuka uji. Ukitaka kutoka toka alfajiri kabla hapajalainika, na kama gari lako liko chini usifuate makorongo ya malori, utakalia tumbo hapo mpaka trekta ya jirani ije. Ukiona vibao vya kuzuia magari mazito vimewekwa, ujue ndo msimu wenyewe umefika.

binti_wa_ziwani:
Mi nasubiri sauti. Kwanza wanakuja ndege weusi wenye mabega mekundu, madume yanatangulia, yanakaa juu ya matete makavu yanapiga kelele hata theluji haijaisha. Robin, yule ndege wa kifua chekundu, usimtegemee maana wengine hawahami kabisa. Halafu vyura. Kuna chura wa msituni huku anagandaga kweli chini ya majani, moyo unasimama, sukari kwenye damu yake ndo inazilinda seli zisipasuke, joto likirudi anayeyuka anaendelea na maisha. Namshukuru Mungu kila nikimsikia. Usiku wa kwanza wa mvua isiyo na baridi kali vyura wanatoka pamoja na salamanda, wale wanaofanana na mijusi ila ngozi laini, kuelekea kwenye madimbwi na wengi wanakanyagwa na magari, kwa hiyo watu tunatoka na tochi na jaketi za kung'aa tunawavusha. Mwaka jana nilimbeba salamanda mmoja mweusi mwenye madoa ya njano, akatulia tu kwenye kiganja, baridi tupu, vidole vyake vinanishika. Ukiona wanavuka, ardhi imeshaamka. Ukipenda njoo usaidie, mikono iwe na maji tu, isiwe na losheni.

mgeni_wa_baridi:
Shikamoo mama, asanteni wote. Leo hii hii nimeona mipira ya bluu kwa jirani kumbe ndo hiyo! Sasa mbegu je?

mama_wa_milimani:
Marahaba. Mwambie aanze na miche ndani, kwenye dirisha linalopata jua. Sukuma inastahimili baridi kidogo, hiyo anaweza kuitoa mapema. Mchicha hapana, unataka udongo wa joto, na huku jalidi inaweza kupiga hata Mei mwishoni, wengi tunasubiri Memorial Day, sikukuu ya Jumatatu ya mwisho ya Mei, ipite ndo tunapanda nyanya na mchicha. Na mkianza kutembea msituni kaguaneni kupe mkirudi, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele, wanatoka mara tu theluji ikiondoka.