Chicago au Houston: familia yenye watoto wawili ihamie wapi?

Mama wa Columbus:
Habari zenu, ndugu zangu. Tunaishi Columbus, Ohio, na mwakani mkataba wa nyumba tunayopanga unamalizika. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni mhasibu, na watoto wetu wawili wako shule ya msingi. Baada ya mashauriano marefu tumebakiwa na miji miwili ya kuchagua, Chicago na Houston. Jamaa zetu walioko Texas hawachoki kutukumbusha kwamba jimbo lao halitozi kodi ya mapato, ilhali Illinois, jimbo la Chicago, hukata asilimia 4.95, kiwango kilekile kwa tajiri na kwa maskini. Baridi tumeizoea, kwa hiyo naomba tusikae sana hapo. Ninachotaka kujua kwa walioishi huko ni gharama ambazo mgeni hazioni mpaka amekwisha kuhamia.

Mpangaji wa Zamani:
Dada, jamaa zako hawasemi uongo, ila wanakusomea ukurasa mmoja tu wa hesabu. Texas nayo ina shule za kuendesha na barabara za kukarabati, na sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka katika kodi ya majengo na kodi ya mauzo. Hata usiponunua nyumba, kodi ya majengo utailipa ndani ya pango, kwa maana mwenye nyumba hatakubali kuibeba peke yake. Haki isemwe pia kwamba kodi ya majengo huko Chicago si nyepesi, na kodi ya mauzo imepita asilimia 10, wakati Houston ni 8.25.

Faida halisi ya Houston ni nafasi. Ardhi ni tele, na mji hauna sheria ya kawaida ya kugawa maeneo ya makazi na ya biashara, kwa hiyo nyumba hujengwa kwa wepesi na bei yake huwa nafuu zaidi. (Usishangae ukikuta gereji imepakana na nyumba za kuishi.) Ukifika wakati wa kununua katika viunga vipya, uliza kama nyumba iko chini ya wilaya ya huduma za maji. Wilaya hizo hukopa fedha za mabomba na mitaro, kisha huwatoza wenye nyumba kodi ya ziada kwa miaka mingi, na wanunuzi wengi huitambua wakati ankara ya kwanza inapowafikia.

Kinachokula akiba ya kodi ya mapato, hata hivyo, ni gari. Eneo la Houston linakaribia mara tatu ya lile la Chicago, ilhali wakazi wake ni kama milioni 2.3 dhidi ya milioni 2.7. Katika familia nyingi kila mtu mzima ana gari lake, na kila gari lina bima yake, mafuta yake na matengenezo yake. Je, ninyi wawili mnaendesha?

Mama wa Columbus:
Ninaendesha mimi peke yangu. Mume wangu macho yake hayamruhusu kupata leseni.

Abiria wa Usiku:
Hilo, dada yangu, lina uzito kuliko kodi zote zilizotajwa hapo juu. Chicago ina njia nane za treni za mjini, na mbili kati yake, Nyekundu na Bluu, hufanya kazi usiku kucha. Mhasibu anaweza kwenda ofisini na kurudi bila kukusubiri, na hata wewe mwenyewe ukitoka zamu usiku wa manane una njia ya kufika nyumbani. Vituoni kuna taa za joto wakati wa baridi, ingawa siku kama zile za Januari 2019, kipimajoto kilipoteremka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, hazikufua dafu. Msipange tu mahali popote, kwa kuwa kuna mitaa ya kusini na magharibi ambako kituo cha treni kiko mbali. Usalama nao hutofautiana sana kutoka mtaa hadi mtaa katika miji yote miwili.

Treni za mjini za Houston zilianza mwaka 2004 na zina njia tatu tu. Mkisisitiza kwenda huko, tafuteni nyumba karibu na Njia Nyekundu, ile inayounganisha katikati ya mji na Texas Medical Center. Hapo mume wako atajitegemea, lakini ule unafuu wa pango uliowavuta mtakuwa mmeuacha viungani.

Jirani wa Mto:
Mimi ni mpenzi wa Houston, na kwa muuguzi sijui mji wenye hospitali nyingi zilizokaa pamoja kuliko pale Medical Center. Lakini asiyekuambia habari za maji hakutakii mema. Ardhi ni tambarare na udongo wake wa mfinyanzi haunywi mvua haraka. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilifurisha hata nyumba zilizokuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kwenye ramani za mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba, na ile ya mpangaji vilevile, hailipi hasara ya mafuriko. Bima ya serikali kuu ya mafuriko ipo, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo kuikimbilia wingu likishatanda hakukusaidii. Tangu 2022 sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba amwambie mpangaji kwa maandishi ikiwa nyumba iko katika eneo la hatari ya mafuriko, au ikiwa ilifurika ndani ya miaka mitano iliyopita. Ulizia karatasi hiyo kabla ya kuulizia rangi ya kuta.

Umeme nao ulikatika kwa siku kadhaa katika baridi ya Februari 2021, kisha Julai 2024 kimbunga Beryl kikawaacha wateja zaidi ya milioni mbili gizani, katika joto ambalo bila kiyoyozi halivumiliki. Pamoja na hayo siondoki. Ila mimi naendesha gari.

Mama wa Columbus:
Nawashukuru sana. Mume wangu amesoma majibu haya yote, naye sasa anaelekea Chicago. Je, leseni yangu ya uuguzi ya Ohio itatambuliwa?

Abiria wa Usiku:
Ohio na Texas zimo katika mkataba wa majimbo yanayotambuliana leseni za wauguzi, kwa hiyo Houston ungeweza kuanza kazi huku ukishughulikia leseni mpya. Illinois haimo. Tuma maombi kwao sasa hivi, na usitie sahihi mkataba wa pango kabla leseni haijatoka.