Nitajuaje kama napunjwa kwenye pampu ya petroli?

Swali, kutoka Chake Chake
Assalamu alaykum ndugu zangu. Kituo ninachonunulia petroli ya vespa kimebandika bei ileile iliyotangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, lakini kwa fedha zilezile napata mwendo mfupi kuliko nikijaza Wete. Ikiwa bei ni halali, udanganyifu huingilia wapi?

Jibu la kwanza
Waalaykumu salaam. Tangazo la ZURA la kila mwezi huweka bei ya lita, ila haliwezi kuhakikisha kwamba lita uliyolipia imeingia yote. Hakikisha pampu inasoma sifuri kabla ya kuanza, kwa sababu hila kongwe ni kuendeleza hesabu ya mteja aliyetangulia, hasa mteja anapoongeleshwa. Kisha gawa fedha ulizotoa kwa bei ya lita, ulinganishe na lita zilizoonyeshwa.

Jibu la pili
Naongeza, kaka, kwamba hesabu hiyo haisaidii endapo mita yenyewe imechezewa, kwani kioo kitaonyesha lita kamili huku tangi likipokea pungufu. Usipime kwa dumu la kawaida, ambalo aghalabu huchukua zaidi ya ujazo ulioandikwa. Wakaguzi hutumia chombo kilichohakikiwa. Dai risiti, andika namba ya pampu na saa, upeleke malalamiko ZURA. Wanaoumia zaidi ni bodaboda wanaonunua kidogo kidogo mchana kutwa, nao hawana nafasi ya kubishana.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Risiti nitaidai kuanzia leo.